Mkono wa Kulia wa Mgeni

Mwingereza aliyetuongoza Jumapili ya mavuno hapa Mogogosiek alikuwa ameongoza kwaya tangu ujana wake. Alikuja kumtembelea binti yake, aliyeolewa na mkulima wa chai jirani na kanisa. Binti alimweleza mwalimu wetu wa kwaya kwamba babake alilazimika kustaafu kwa sababu mkono wa kulia ulikuwa unatetemeka, na kwamba alitamani kusimama mbele ya waimbaji mara moja tu kabla ya kurudi kwao. Mwalimu alikubali. Habari ya mkono akaikalia, sisi tukaambiwa tu kuna mgeni.

Mimi naimba sauti ya pili na sikufurahi. Siku yetu kubwa ilikuwa imetolewa kama kikombe cha chai. Mazoezini mgeni alituongoza kwa mkono wa kushoto, wa kulia ukiwa mfukoni, nami nikasema hayo ni maringo tu.

Jumapili wimbo ulimnogea akajisahau. Tulipofika mwisho aliutoa mkono wa kulia, akauinua ili tunyamaze pamoja. Vidole vikatetemeka. Katika kwaya yetu, mwalimu akitikisa vidole, kiitikio kinarudiwa. Basi tukarudia. Akainua tena, tukarudia tena, sasa kwa nguvu zaidi. Akina mama wakatoka kwenye viti wakaanza kucheza. Mgeni alikuwa mwekundu, macho yamemtoka. Mwishowe mwalimu wetu, aliyekuwa amejipanga na waimbaji wa besi, alipiga makofi, ndipo tukanyamaza.

Baada ya ibada tulikunywa chai nje. Mwenzetu mmoja wa besi, mtu wa kiwandani asiyejua kunyamaza, alimwendea.

"Mzee, wewe ni moto! Ulikuwa unataka turudie mpaka jioni?"

Binti alimtafsiria, kisha akamweleza ile ishara yetu ya vidole. Mgeni aliweka kikombe chini. Nilidhani amekasirika, na kusema kweli nilingoja kwa hamu. Alisema maneno machache kwa Kiingereza. Binti akatugeukia.

"Anasema kwao waimbaji waliuonea huruma mkono huu, wakawa wanaangalia sakafu. Anasema nyinyi mmeufuata."

Yule wa besi alikiokota kikombe cha mgeni, akamjazia chai. Mimi nililia, hapo hapo, mbele ya watu.