Vichwa Kumi na Viwili vya Kondoo

Ni mimi niliyevichanganya. Kwa miezi minne nilikana, tena kwa kiburi cha mtu aliyerudi chuo akiwa na miaka arobaini na saba na miwani ya kusomea.

Baada ya kuandika makala miaka mingi, nilitaka kujua homoni inaiamrishaje jeni ifanye kazi au inyamaze. Nilinunua kondoo jike kumi na wawili kwa wafugaji wa Msowero. Wote waliondolewa ovari. Sita wa kwanza wakawekewa homoni ya kike, estrojeni, chini ya ngozi, sita wa mwisho wakaachwa hivyo hivyo. Niliwapaka namba migongoni kwa rangi nyekundu. Walichinjwa Kilosa ili nichukue tezi ya pituitari, kitu kidogo kama harage kilichojificha chini ya ubongo.

Msomi mimi, sikufikiria kwamba kondoo huchunwa. Nilipotoka kuandaa barafu, namba zangu zote zilikuwa kwenye rundo la ngozi pembeni, na vichwa vimepangwa mezani kwa mstari. Nilijua wamechinjwa kwa kufuata namba. Nikahesabu kuanzia kushoto, kama ninavyoandika, nikabandika namba kwenye chupa za tezi.

Estrojeni ilitakiwa kuituliza jeni ya homoni inayochochea yai litoke. Majibu yakaja kinyume: wenye estrojeni ndio jeni yao ilikuwa ikichacharika. Msimamizi wetu akamgeukia dada wa maabara aliyepima. Kama ni yeye aliyechanganya chupa, mkataba wake hauongezwi.

"Vichwa vyangu viko sawa," nilisema, wala sijaulizwa.

Juzi mimi na huyo dada tulikuwa safarini kurudia kazi yote. Tulisimama Mikumi kula. Mchoma nyama alitamka bismillahi, akaweka mshikaki wa kwanza kulia kabisa mwa jiko, kisha akaendelea kuelekea kushoto. Nikaacha kutafuna.

"Mama, umepaliwa?" dada aliuliza.

Nilishachomoa daftari. Niligeuza orodha: kumi na mbili ikawa moja, moja ikawa kumi na mbili. Jeni zikakaa mahali pake, sita kwa sita! Nilipiga meza mpaka pilipili ikamwagika. Homoni ilikuwa imefanya kazi yake vizuri kabisa, kondoo hawana kosa, chupa hazina kosa!

Dada alisoma, macho yakamtoka. "Usishangilie bado. Mpigie mchinjaji. Weka sauti ya nje."

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, mama wa vichwa! Unakuja kuchukua na miguu?"

"Mzee, siku ile ulianza kuvipanga upande gani?"

"Upande gani tena? Kulia. Mimi kila kitu naanza kulia, tangu nishike kisu. Kwani wewe ulihesabia wapi?"

"Kushoto."

Alicheka mpaka simu ikakwaruza. "Shule yote hiyo! Si ungeniuliza?"

Dada alininyang'anya simu. "Mzee, usikate. Namuunganisha bosi wetu, umwambie hivyo hivyo."

Simu ikaita mara mbili, sauti ya msimamizi ikasema haloo. Dada akanirudishia.

"Anza wewe," alisema.