Unyasi Mdomoni mwa Kaka

Kwetu Njombe, mtu anayepanda mlima na mzigo hubana unyasi kati ya midomo. Ukidondoka, ajue ameanza kuhema kwa mdomo. Anasimama, anasubiri moyo utulie, anachuma mwingine. Kaka yangu alifundishwa hivyo na mama, na mama na mama yake. Mimi nilikuwa nimerudi likizo kutoka chuo kikuu, Uganda, na hakuna nilichokiacha bila kukihoji.

Mwaka ule bomani walitafuta tarishi wa kupeleka barua vijiji visivyofikiwa na gari. Jaribio lilikuwa kupanda kutoka mtoni hadi bomani na mfuko wa mahindi mgongoni, mara tatu, bila kusimama. Kaka aliitaka sana kazi ile. Ndiye aliyeacha shule ili mimi niendelee. Akiikosa, angekwenda Tanga kukata mkonge na kumwacha mkewe mjamzito.

Nilimkuta akipanda polepole, unyasi mdomoni.

"Kaka, unafanya mazoezi au unachunga mbuzi?"

Akautoa. "Kamwene kwanza, msomi. Huko Uganda hawasalimiani?"

Nilimweleza kwamba moyo ni msuli, haukui mpaka ulazimishwe. Nilikuwa nimelisoma hilo, wala si uongo. Basi kwa majuma mawili nilimkimbiza mlimani kila asubuhi, mdomo wazi katika ukungu ule wa baridi, mimi nikimpigia kelele kutoka juu, nimekaa kwenye jiwe.

Siku ya kumi alisema, "Mdogo wangu, hata nikikaa moyo unanidunda. Kesho nipumzike?"

"Huo ni uvivu unakutoka," nikamjibu. Nilimkimbiza hadi siku moja kabla ya jaribio.

Siku ya jaribio, mara ya kwanza kaka aliwaacha wenzake wote. Mara ya pili midomo ilikuwa imepauka. Mara ya tatu alifika nusu, akatua mfuko, akashika magoti. Mwanamume mmoja wa Kitandililo, aliyekuwa wa mwisho tangu mwanzo, akampita taratibu, unyasi mdomoni.

Nilimsindikiza kaka hadi Makambako kupanda lori la wakata mkonge. Nilitamani anigombeze. Alisema tu, "Mwangalie shemeji yako. Asibebe maji."

Likizo iliyobaki nikamchotea maji. Siku ya kwanza nilibana unyasi kwa aibu, ukadondoka kabla ya nusu ya mlima. Nikatua ndoo, nikaweka kidole shingoni, nikahesabu mapigo mpaka yakapoa, nikachuma mwingine. Siku zilivyokwenda nilisimama mara chache zaidi, hadi asubuhi moja nikafika mlangoni unyasi ungali mdomoni. Sijui kama kinachosaidia ni unyasi wenyewe au mwendo ambao unyasi unakulazimisha kuufuata. Ningeweza kumuuliza kaka swali hilo siku ile ya kwanza nilipomkuta mlimani. Nilichomuuliza ni habari za mbuzi.

Shemeji aliipokea ndoo, akautazama unyasi mdomoni mwangu, akaingia nayo ndani.