Kine aliniuliza namna ninalalaka

Leo kine, munganga wa kukanda mwili, amenitosha maumivu ya kichwa na mikono yake tu, bila kidonge hata moja.

Alifinya shingo, akafinya mabega, halafu akasimama.

« Mama, unalalaka namna gani? »
« Pembeni ya kitanda, naangalia mulango. »
« Kitanda iko kidogo? »
« Hapana, iko kubwa. »

Siye babibi ba bantu ba kazi ya treni tunajua: bwana anarudiaka saa yoyote, unamuachia fasi yake.

Kine akasema shingo njo inaumisha kichwa, nilale katikati. Nikaitika.

Bwana yangu tulimuzika mwaka yenye ilipita.

Banarafiki, nanyi munalalaka wapi?

Miye kichwa haiume tena. Nimetandika kitanda. Muto ya bwana nimeirudisha fasi yake.