Yule Niliyemlipa Asome

Vitabu vyangu vilipotoka kwa mpiga chapa, nilivipanga chumbani kwangu mtaani Umoja, maboksi manne, na kwa wiki nzima nikawa kila nikipita nayagusa. Mimi ni mwalimu wa Kiswahili katika shule ndogo ya binafsi. Kitabu nilikiandika kwa miaka minne, wakati wa likizo na Jumapili alasiri, na kilihusu maisha ya mama yangu, aliyefunga sabuni kwenye kiwanda kimoja cha eneo la Baba Dogo tangu nikiwa mchanga mpaka nilipopata kazi ya ualimu. Mchapishaji mmoja alinijibu kwa upole kwamba maisha ya mama yangu hayana matukio. Wengine hawakujibu. Nikaamua kukichapisha mwenyewe.

Walimu wenzangu walinunua. Watu wa kanisani walinunua, baadhi yao wakiniambia kabisa kwamba wananiunga mkono tu, kusoma watasoma wakipata nafasi. Baada ya hapo kimya. Mama, ambaye siku hizi naishi naye, hakutaka hata kusomewa. Macho yake hayaoni tena maandishi madogo, na kila nilipojitolea kumsomea alinijibu, "Hayo si maisha yangu? Mimi nayajua."

Mwalimu wa hesabu ndiye aliyenifungua macho. "Siku hizi vitabu vinauzwa na watu wa mitandaoni," aliniambia. "Unamlipa mtu mwenye wafuasi, anakionyesha, watu wananunua."

Nikamtafuta kijana mmoja mwenye wafuasi wengi kuliko wakazi wa mtaa wetu wote. Nikamlipa, nikampelekea kitabu. Video yake ilikuwa fupi sana. Alikishika kitabu karibu na kidevu, akatabasamu, akasema, "Watu wangu, hiki kitabu ni moto, msikose." Hakusema kinahusu nini. Jina la kitabu alilitamka nusu. Mamia ya watu wakabonyeza alama ya moyo, nami nikakaa na simu mkononi nikingoja. Walionitafuta walikuwa wawili. Mmoja alitaka kujua jaketi la yule kijana linauzwa wapi, na mwingine alikuwa anauza ploti za kujengea. Sikumlaumu kijana. Nilikuwa nimenunua uso wake, na uso wake alinipa.

Ningeachia hapo kama si video moja niliyoikuta kwa bahati tu, wakati wa mapumziko ya chai shuleni. Msichana wa miaka ishirini na kitu alikuwa akizungumzia kitabu cha ufugaji wa kuku. Alianza kwa kusema, "Nimelipwa kukisoma kitabu hiki, na nimekisoma chote." Kisha akaeleza, bila haraka, kwamba sura ya tatu inarudia ya pili, kwamba mwandishi anawapenda kuku wake kiasi cha kusahau kutuambia wanakula nini, na kwamba ukurasa wa mwisho ulimfanya alie. Kuku! Niliitazama mpaka kengele ikalia, nikachelewa darasani.

Nilimwandikia siku hiyo hiyo. Jibu lake ninalo bado kwenye simu. "Unanilipa kwa muda wangu. Nitakachosema ni changu. Ukikubali, niletee kitabu mtaani Komarock. Nitahitaji wiki tatu."

Wiki tatu kwa kurasa mia moja na arobaini! Lakini nilikubali, nikampelekea.

Wiki tatu zilipoisha aliniita. Kazi yake ya kila siku ilikuwa kibanda cha kutuma na kutoa pesa za simu, karibu na barabara ya Kangundo, chembamba kama kabati la nguo. Alinikaribisha ndani, akanipa kiti cha plastiki, naye akabaki kwenye kigoda chake karibu na dirisha la wateja. Kitabu changu kilikuwa juu ya kaunta. Sikukitambua mara moja. Kilikuwa kimenenepa. Katikati ya kurasa alikuwa ameweka vipande vya karatasi za risiti, makumi na makumi, na kona za jalada zilikuwa zimekunjika kama za kitabu cha nyimbo cha kanisani. Kuanzia siku kilipochapishwa, sikuwa nimeona kitabu changu kikiwa kimetumika.

"Samahani mwalimu, nimekichakaza," alisema.

"Hapana," nilisema, nikaligusa jalada.

"Sawa. Nikuambie nitakachosema, usije ukashtuka. Ile sura ya kanisani ni ndefu. Pale nilichoka."

"Utalisema hilo kwenye video?"

"Ndiyo."

"Na mimi ndiye nimekulipa?"

"Umenilipa nisome, mwalimu. Nimesoma." Hakuinua sauti. "Kama unataka sifa tupu, narudisha pesa yako sasa hivi. Lakini kitabu nitakuomba uniachie, kwa sababu nimekipenda."

Wakati huo mama mmoja alisimama dirishani akitaka kumtumia mtoto wake nauli. Msichana akamhudumia, akamwuliza jina la mpokeaji mara mbili, akamwandikia kwenye daftari, akamtakia siku njema. Nilikaa pale na hasira yangu. Nilifikiria jinsi nilivyoihangaikia usiku na mchana ile sura ya kanisani. Kisha akanigeukia, akaendelea kana kwamba hatukukatizwa.

"Kuna kitu nataka kukuuliza kabla sijarekodi. Ulifanya makusudi?"

"Kufanya nini?"

"Mama hakai chini."

Sikuelewa. Akakivuta kitabu, akaanza kufungua kipande kimoja cha risiti baada ya kingine.

"Nimekisoma mara mbili. Mara ya pili nilikuwa nikimfuata yeye tu. Hapa anasimama kwenye meza ya kufungia sabuni. Hapa yuko kwenye foleni ya maji. Hapa anakusikiliza ukisoma kwa sauti, lakini yuko mlangoni, amesimama na sufuria mkononi. Kanisani watu wote wameketi, wewe unaandika kwamba yeye alikuwa nyuma kabisa, amesimama, anambembeleza ndugu yako mgongoni. Hata hapa alipougua, ameegemea ukuta. Kitabu kizima, mwalimu. Hakai hata mara moja. Nilidhani umetufichia hapo ili tutafute."

Nilikichukua kitabu. Nilipitia vipande vyake vyote, kimoja kimoja, na kila mahali nilimkuta mama yangu amesimama. Nilikuwa nimeziandika sentensi hizo mwenyewe. Nilikuwa nimezisahihisha, nimezisoma kwa sauti jikoni, nimebishana na mpiga chapa juu ya koma zake. Na katika miaka minne sikuwahi kuliona jambo hilo. Msichana nisiyemjua, aliyesoma kati ya mteja mmoja na mwingine, alikuwa ameliona.

Nakiri nilitaka kumwambia ndiyo, nilikusudia. Ningeonekana mwandishi hodari. Lakini macho yake yalikuwa yamenitulia usoni, nikashindwa.

"Sikujua," nilisema.

"Basi ni kweli," alisema. "Ungekuwa umepanga, ningekuwa na shaka kidogo."

Hasira yangu ya sura ya kanisani sijui ilikwenda wapi. Nilimwambia arekodi anavyotaka.

Nilipofika nyumbani nilimkuta mama jikoni, anakula ugali na sukuma, sahani mkononi, mgongo umeegemea sinki. Meza ilikuwa tupu, viti vinne vimeizunguka. Nilisimama mlangoni nikimtazama kama mtu aliyeonyeshwa mlima uliokuwa nyuma ya nyumba yake siku zote.

"Mama, mbona hukai?"

"Naenda kuosha vyombo," alisema.

Video ilitoka Jumamosi iliyofuata, asubuhi. Msichana alikuwa amekaa mbele ya ukuta mtupu wa rangi ya krimu, hana miwani ya jua, hana muziki. Alisema amelipwa. Alisema sura ya kanisani ni ndefu, na nilijikuta nikikubali kwa kichwa. Kisha akaeleza habari ya mama asiyekaa chini, polepole, kama anayefungua kitambaa kilichofungwa mafundo. Mwishoni alisoma nusu ukurasa, pale mama anaporudi kutoka kazini na vipande vya sabuni vilivyovunjika, amevifunga kwenye leso, na sisi watoto tunavinusa kama peremende.

Nilimwita mama asikilize. Alikuja akiwa na kitambaa cha kupangusia meza, akasimama nyuma ya kiti changu. Alisikiliza mpaka ikaisha.

"Huyo msichana ni wa nani?"

"Ni wa Komarock. Simjui sana."

"Mimi amenijulia wapi?"

"Kwenye kitabu, mama."

"Hebu rudisha mwanzo."

Nilirudisha. Alisikiliza mara ya pili, na ya tatu. Nilikuwa nikiogopa kumtazama. Niligeuka nikaona ameinamisha kichwa karibu na simu, mdomo wazi kidogo, kama msichana mdogo anayesikiliza redio kwa mara ya kwanza. Sikuwahi kumwona hivyo. Mwanamke aliyeniambia miaka yote kwamba maisha yake anayajua alikuwa anayasikia.

"Lakini amekosea," alisema mwishowe. "Na wewe umekosea. Kuna siku nilikaa."

"Lini?"

"Pale kiwandani. Stima ilipotea."

Akanisimulia, na nilikuwa sijawahi kusikia hata neno moja la habari hiyo, mimi niliyejiita mwandishi wa maisha yake. Alisema mashine za kiwanda zilikuwa na kelele kiasi kwamba wanawake waliongea kwa kupiga makelele, mdomo sikioni, au kwa ishara za mikono. Siku moja, asubuhi, stima ikapotea kiwanda kizima. Mashine zikazima zote kwa pamoja. Msimamizi akatoka kwenda kuuliza, akakawia. Wanawake wakakaa juu ya maboksi ya sabuni.

"Kulikuwa na mwenzangu tuliyesimama naye meza moja," mama alisema. "Miaka minne. Watoto wake nawajua majina, shida zake nazijua. Siku hiyo akaniambia, 'Miguu yangu, dada.' Nikageuka kumtafuta ni nani anaongea. Nilikuwa siijui sauti yake."

"Hukuijua vipi?"

"Nilikuwa najua ile ya kupiga makelele. Hii ilikuwa ndogo. Nzuri." Alikigeuza kitambaa mikononi. "Basi tukaanza kusikilizana. Kila mtu anasema kidogo, wengine wote wananyamaza tu kusikia sauti. Sisi sote, ukumbi mzima. Hata kucheka tulicheka polepole. Mpaka karibu saa sita."

"Halafu?"

"Halafu stima ikarudi."

Mchapishaji aliyesema maisha ya mama yangu hayana matukio alikuwa amesoma nilichoandika mimi, na mimi nilikuwa nimeandika nilichokiona tu.

Video haikutikisa dunia. Iliangaliwa na watu wachache kuliko ile ya kijana wa jaketi. Lakini waliojibu walijibu kwa maneno marefu. Mmoja aliandika kwamba amempigia mama yake simu kumuuliza kama amekaa. Dereva wa lori alinunua nakala mbili. Mwanamke wa Baba Dogo alinunua moja, baada ya wiki akarudi kununua sita za wenzake waliowahi kufanya kazi pamoja, na alipofika kuzichukua alizishika kwa mikono miwili. Maboksi yakapungua mpaka likabaki moja, nalo limefunguliwa. Katika nakala nitakazochapisha baadaye, sura ya kanisani itakuwa fupi.

Nilimwandikia yule msichana habari ya siku ya stima. Nilidhani atajibu kwa neno moja au mawili. Akajibu kwa kuuliza kama anaweza kuja kumwamkia mama, siyo kwa ajili ya video.

Alikuja Umoja Jumapili baada ya ibada, amebeba mkate na maziwa. "Shikamoo, shosho," alisema, kama anayemwamkia nyanya yake, na mama akamshika mkono asiuachie, akamkalisha kwenye kochi, akaketi kando yake ili amwone vizuri. Mimi nilipika chai. Mama akamsimulia upya ile siku, kwa urefu zaidi kuliko alivyonisimulia mimi. Msichana alisikiliza kama alivyosoma, bila kukatiza, huku akikunja kidole kimoja kimoja kana kwamba anajiwekea alama.

Mama alipomaliza, msichana alivitazama vidole alivyovikunja. Nilijua kuna swali linakuja, na nilijaribu kulikisia. Ningeuliza ilikuwa mwaka gani. Ningeuliza yule mwenzake yuko wapi siku hizi.

"Shosho," alisema, "wanawake wote mlikuwa mmesimama, na msimamizi angeweza kurudi wakati wowote. Nani alikaa wa kwanza?"

Mama alitazama chini. Nilifikiri hakusikia. Kisha mabega yake yakaanza kutikisika, na nilipoona anacheka niliweka birika mezani.

"Ni mimi," mama alisema.