Dawa Iliyoitwa Nganyira

Juzi nilikuwa Omurushaka nangoja basi la Bukoba, nikamsikia mama mmoja muuza ndizi akimwambia mwenzake, "Mtoto akizidiwa na homa, mpe nganyira." Basi likapita ninalitazama. Sikuwa nimelisikia jina hilo tangu bibi yangu afariki.

Nganyira, kwa Kinyambo, ni "nisamehe". Ndivyo kijijini kwetu Nyakakika tulivyoyaita majani ya mubirizi yaliyochemshwa, machungu hadi ulimi unakufa ganzi. Sisi watoto tulidhani yameitwa hivyo kwa sababu kila anayenyweshwa huomba msamaha.

Mwanzoni mwa miaka ya themanini, nikiwa darasa la tatu, nilipata surua. Bibi, mama yake baba, ndiye aliyekuwa akinilea. Alinilaza chumba cha ndani, akaziba dirisha kwa kanga ili mwanga usiniumize macho. Majuma matatu! Nilisikia wenzangu wakienda kuchota maji huku wanaimba, nikasikia kahawa ikimwagwa mkekani uani, harufu ya ndizi na maharage ikanifuata kitandani, nami sikutamani chochote ila jua. Mlango ulikuwa wazi kutwa nzima. Lakini bibi alikaa pale pale kizingitini akisuka mkeka, na hapakuwa na pa kupita. Hakwenda shambani. Hata misa ya Jumapili aliikosa, yeye!

Siku moja alisinzia. Nikanyata nimruke, akanidaka mguu.

"Bibi, umenifunga kama mbuzi!" nikalia. "Si bora ufunge mlango, uende zako!"

Aliniachia mguu. Kisha akasema taratibu, "Mlango niliwahi kuufunga, mjukuu wangu."

Akanieleza. Mtoto wake wa kwanza, shangazi yangu ambaye sikumjua, alishikwa na homa kali, akawa anaweweseka na kukimbilia nje. Babu alikuwa safarini. Bibi akaufunga mlango kwa nje, akavuka bonde kutafuta mubirizi, maana siku hizo haukuwapo karibu. Aliporudi, mlango ulikuwa mzito kufunguka. Mtoto alikuwa ameuegemea kwa ndani, ameshakufa.

"Nikayachemsha yale majani vilevile," bibi alisema. "Nikamwosha nayo, namwambia nganyira, nganyira. Majirani walioingia walidhani naitaja dawa."

"Mbona hukuwaambia?"

"Ningewaambia nini?"

Akanipa kikombe cha nganyira. Nilikunywa chote bila kubanwa pua, nikarudi kitandani mwenyewe. Yeye akaokota ukili wake, akaendelea kusuka.

Nilipona. Bibi alifariki miaka ya tisini. Nyumba ilibomolewa, na ua wa mubirizi alioupanda kwa mikono yake ukang'olewa, pakapandwa migomba. Watoto wa siku hizi hupewa vidonge, na wengi hata huo uchungu hawaujui.

Mimi uchungu nilishausahau. Kinachonirudia ni kwamba kwa miaka yote ile kijiji kizima kililitaja neno lile mbele yake, naye akilitaja pia, na mimi, niliyejua lilikotoka, sikumjibu hata mara moja. Nilikuwa mtoto. Sikujua kwamba mtu akisema nganyira, anangoja jibu.