Diski Niliyoombwa Kuififisha

Siku yangu ya kwanza kazini pale Majengo, Sumbawanga, sikugusa filamu hata moja. Tajiri, mwenye duka la kukodisha na kutengeneza diski, alinipa kitambaa laini akaniambia nifute vumbi kutoka katikati kwenda ukingoni, nisizungushe. Nikazungusha. Akaninyang'anya kitambaa, akanirudishia mchana. Ndivyo alivyofundisha, na mpaka leo sijui kama nilimpenda.

Ninyi mnaobeba filamu kwenye flashi hamkuyaona haya. Tulianza na CD za video. Filamu moja ilikaa kwenye diski mbili, na utamu ukifika katikati mtu aliinuka kubadilisha. Uso wa mtu wa mbali ulikuwa madoa tu. DVD ikaja, filamu nzima ikaenea kwenye diski moja na picha ikatulia. CD ilisomwa kwa mwanga usioonekana kwa macho, DVD kwa mwekundu: deki humulika alama ndogo zilizomo ndani ya diski, na mwanga unaorudi ndio hugeuzwa picha.

Tajiri akanihamishia tawi la Mtowisa, bondeni, ambako joto lilipinda diski zilizoachwa juani na vumbi la barabara liliziba lenzi. Msimamizi wa kule alikuwa mtu wa lawama. Kila deki iliyokwama ilikuwa kosa langu. Nilirudi Sumbawanga mgongo umechoka, nikakuta Tajiri amenunua deki ya blurei. Nikamuuliza kuna jipya gani, maana diski zilikuwa na ukubwa uleule.

"Mwanga," akasema. "Huu ni wa buluu, mwembamba. Alama zimebanwa, zinaingia nyingi. Utaona mpaka vinyweleo vya mtu."

Alisema kweli. Lakini deki hiyo ilisoma diski za zamani, na deki za zamani hazikusoma diski zake. Tena alama zilikaa karibu kabisa na uso wa diski, hivyo mashine yetu ya kusugua mikwaruzo, iliyookoa DVD nyingi, ingeziharibu. Wateja walizitazama na kupita.

Nilipokuwa nakaribia kustaafu alikuja Mama Anastazia, mkulima wa Pito. Mumewe alifariki kwa ugonjwa wa ini miezi michache baada ya harusi ya binti yao, Anastazia. Mkwewe alimletea harusi ile kwenye blurei, deki ya nyumbani ikaikataa. Hakuwa na picha nyingine ambayo mzee wake anaonekana akitembea na kuongea.

Nikamwekea palepale dukani. Mzee akasimama kumuusia binti, akawatania wakwe, watu wakacheka. Mama naye akacheka. Kisha kamera ikamsogelea mzee, na macho yake yalikuwa ya manjano. Mama akaniomba nirudishe hapo. Nikarudisha.

"Alituambia ni uchovu wa kuvuna ulezi," akasema. "Nilikaa naye meza moja siku nzima, Fundi. Sikuona."

Nikaitoa diski, nikaifuta. Baadaye akauliza kama naweza kuihamishia kwenye diski ya zamani. Nikamwambia DVD itafaa, picha itabaki nzuri.

"Si hiyo. Ile ya zamani kabisa. Anastazia bado hajaiona, na anakuja Krismasi. Asimwone baba yake hivi."

Nilishinda mbele ya runinga kutwa nzima, nikiififisha picha na kukagua kila mahali kamera inaposogea, mpaka manjano yakapotea. Sauti niliiacha ilivyo. Kazi hiyo ilinichosha kuliko miaka yote ya Mtowisa.

Duka lilifungwa, nami nikaondoka na deki ya blurei ambayo hakuna aliyeitaka. Vijana huniuliza kama diski zitarudi. Hazitarudi, wala sizililii. Anastazia huangalia ile diski yake na kusema baba alikuwa mzima siku ile, na mama yake huitikia.

Ile ya blurei, iliyo safi, Mama aliniachia niitunze. Mara mojamoja Mama hushuka kutoka Pito, hunywa chai nyumbani kwangu, kisha huniomba nimpeleke moja kwa moja pale kamera inaposogea, niisimamishe picha. Husogeza kiti karibu na runinga, akamwangalia mumewe machoni.

"Nimekuona, Baba Anastazia," humwambia.

Mimi hutoka nje.