Kila tukiziba ufa wa ukuta, baba mukwe wangu anaufungua tena

Huyu ni dada wa Goma, ametuandikia. Jina lake tunalijua sisi tu, na litabaki kwetu. Musomeni polepole.

Niko na miaka 34, nimeolewa, tuna watoto watatu. Mwaka jana tulihamia nyumba yetu mpya huku Munigi. Bwana yangu aliijenga kwa miaka sita, na ilipoisha akasema baba yake asibaki peke yake kule kijijini Kalengera. Muzee akaja na sanduku moja. Tukamupa chumba cha mbele, chenye mulango unaotazama barabara.

Ardhi ilitetemeka kidogo, kama kawaida ya hapa, ukuta ukapasuka pembeni ya ule mulango. Ufa ulipenya mpaka inje. Fundi masoni akaja, akauziba kwa sima ya kujengea, akapaka rangi. Kisha wiki mbili kupita, ukarudi palepale. Akaziba tena, ukarudi. Mara ya tatu aliniita pembeni.

“Mama, hii si kazi ya sima. Mulishauliza nani alizikwa hapa wakati wa vita?”

Toka siku ile sikutulia. Kwetu wafu wa vita wamelala popote. Niliita kikundi cha maombi, tukaomba mbele ya ule ukuta, tukamwaga maji ya baraka. Muzee aliomba pamoja nasi.

Siku moja nilitoka sokoni mapema. Nikamukuta amepiga magoti, ana musumari mukononi. Alikuwa analowanisha sima kwa maji, anachokoa kidogo kidogo, vumbi anaikusanya ndani ya kofia yake. Hakushituka. Aliniambia tu nikae.

“Nyumba yetu ya Kalengera ilikuwa ya udongo, na ufa kando ya mulango,” akasema. “Mutu akibisha, tunamuona kwanza. Bwana yako akatutumia sima kutoka Goma. Nikaziba vizuri, nikafurahi. Kisha vita ikaja. Mutu akabisha, akasema, ‘Papa, fungua, ni miye,’ akataja jina la bwana yako. Nikafungua.”

Hakuwa mutoto wake, walikuwa watu wa bunduki. Muzee walimubebesha mizigo mpaka porini. Alipotoroka na kurudi, aliwakuta mama mukwe wangu na binti yake mudogo wamelala mulangoni, wamekufa. Aliwazika peke yake. Bwana yangu, mpaka leo, anajua ni bombe iliwaua.

Nikamuuliza, “Lakini Papa, hapa kuna dirisha.”

“Kwa dirisha na yeye anakuona.”

Akanishika mukono, akaniapisha nisimwambie bwana yangu. “Atasema sima yake ndiyo iliua mama yake.”

Nikaapa. Tangu hapo ni miye niliyekuwa nikitupa ile vumbi. Na niwaambie ukweli, hata miye nimeharibika. Juzi mutu alibisha muchana, akaita kwa sauti ya bwana yangu. Niliijua ile sauti, na mukono ulikataa kufungua. Nilienda kwanza kwa ufa. Alikuwa ni yeye kweli, amesimama na mukate wa watoto.

Wiki hii bwana yangu alimukuta muzee na musumari. Sijawahi kumuona hivyo.

“Papa, nimejinyima miaka sita juu ya hii nyumba, na ni wewe unaibomoa?”

Muzee akaweka musumari chini. Bwana yangu akaamua: siku ya posho, ile Jumamosi, masoni ataweka wavu wa chuma na sima nzito, na siku ya Mungu, Jumapili, muzee atarudishwa Kalengera, kwenye nyumba ileile. Muzee akajibu, “Sawa, mutoto yangu.” Ameshapanga nguo zake. Hali tena na sisi. Chakula ninamupelekea chumbani, na sahani inarudi vile ilivyoenda.

Nikisema, ninavunja kiapo cha muzee, na bwana yangu ataishi akijua ni jina lake lilifungua ule mulango. Nikinyamaza, baba yake anaenda kulala pale walipolala wale wawili. Posho ni kesho kutwa. Ndugu zangu, nanyi mulioishi na watu waliotoka vitani, nishaurini. Niseme, ao ninyamaze?